Katsuva na Jicho la Bato

Mwanangu wa kwanza anaitwa Katsuva, na kila Munande, mtu wa kabila la upande wa Butembo, anayelisikia jina hilo nyumbani kwangu ananicheka. Kwao majina yanafuata mpango wa kuzaliwa: wa kwanza ana majina yake, wa pili ana yake, na Katsuva halimo katika yale ya kifungua mimba. "Sasa wakubwa zake wako wapi, Fiacre?" wananiuliza pale sokoni Bunia, huku wanashika mbavu. Zamani nilikuwa ninakasirika. Mimi hasira yangu haiko mbali. Mke wangu Denise anasema inalala mlangoni, ukipita tu unaikanyaga. Siku hizi nawaambia waketi, wanyamaze, niwaeleze habari za mwenye jina. Mwenyewe yupo, ni mzima, na kibanda chake bado kiko nyuma ya soko kubwa.

Katsuva alitoka upande wa Butembo akiwa kijana, akafungua kibanda cha kutengeneza redio. Redio, phonie za mapadri za kuitana mbali, magrupu ya kuzalisha umeme, betri za gari, chochote chenye waya kilipita mikononi mwake. Ni mtu mwembamba, anayesema polepole mpaka unatamani kumsukuma maneno yatoke. Ukimletea kitu, kwanza anakiweka sikioni. Anasikiliza, anakipuliza vumbi, anasikiliza tena. Wateja wenye haraka walikuwa wanamtukana, kisha wanarudi kwake palepale, kwa sababu kitu kilichotoka kwa Katsuva hakirudi. Na jambo moja zaidi mlijue mapema: alikuwa anaogopa maji. Kuogelea hajui. Hata kwenye daraja la mto mdogo wa mjini, ule ambao mbuzi wanauvuka wakitembea, alikuwa anashika chuma kwa mikono miwili. Tulimcheka sana kwa hilo, na yeye alicheka pamoja nasi bila kuachia chuma.

Mimi nilikuwa kapiteni wa bato, yaani mashua, la Mama Bibiane. Mama Bibiane aliuza samaki wa chumvi. Bato lilibeba samaki ziwani Kasenyi, lori likawapandisha Bunia. Lilikuwa bato la mbao, refu, lenye moteri kubwa nyuma. Vita ilipochafuka, kitu chenye moteri hakikukaa ziwani: wenye bunduki walikichukua. Basi siku tulipogonga mchanga na ubao wa chini ukapasuka, Mama Bibiane alisema heri tulitengeneze mjini. Akalipandisha juu ya lori, akalileta mpaka uani kwake Nyakasanza. Bato kule juu, ziwa kule chini, mlima mzima katikati! Watu walikuja kulitazama kama harusi, na kila mmoja aliniuliza navua nini hapo. Nilijibu vibaya kila mmoja.

Siku hizo Mama Bibiane alileta pia mashine moja aliyobadilishana kwa samaki na mtu wa mradi wa uvuvi uliofungwa. Ilikuwa sondeur, mashine ya kupima maji. Kioo chake kidogo kinakuonyesha urefu wa maji chini yako, na waya wake unaishia kwenye kitu cheusi, ukubwa wa ndizi fupi, ambacho siye tuliita jicho. Jicho hilo linakaa chini ya bato, ndani ya maji. Linapiga sauti chini, sauti inagonga mchanga, inarudi. Mama Bibiane aliniambia nimpelekee Katsuva alifunge.

Nilimwambia Katsuva alifunge katikati kabisa, kwenye mkuku, pale ambapo tumbo la bato liko chini zaidi. Si ndiko karibu na mchanga? Jambo la wazi hivi halihitaji fundi. Alikataa. Alikuja uani, akazunguka bato, akapitisha kiganja chini ya mbao zote, akasifu misumari ilivyopigwa. Kisha aliomba nizungushe elisi, ile feni ya moteri inayokata maji. Nikaizungusha kwa mkono. Akachuchumaa nyuma akaiangalia muda mrefu, mpaka nikasikia hasira inanipanda kutoka miguuni.

Alinieleza, polepole yake ileile. Sauti ya jicho haipiti vizuri kwenye upepo, yaani hewa. Ubao umejaa upepo mdogomdogo ndani, kwa hiyo jicho haliwezi kukaa ndani ya bato na kuangalia kupitia ubao. Lazima liguse maji yenyewe. Mbele, katikati, litang'olewa na mchanga siku ya kwanza. Nyuma karibu na elisi kuna povu, na povu ni upepo. Lakini elisi yetu ilizungukia kuume: upande wa kushoto mapanga yake yanapanda na kuleta povu juu, upande wa kuume yanashuka. Basi jicho likae nyuma, upande wa kuume, mbali kidogo na elisi, lishuke chini ya ubao kiasi cha kidole, lisiachwe na maji bato likiinuka kwa mwendo. Wala hakutoboa bato kwa ajili ya jicho lenyewe. Alichonga kibao, akakifunga nyuma kwa skrubu mbili, na jicho akalifunga juu ya kibao, ili akikosea atoboe kibao na si bato. Nilimwambia mtu wa mlimani anatufundisha maji. Alicheka, akaweka jicho sikioni: lilikuwa linalia tik, tik, tik.

Mwezi wa tano mwaka 2003, askari wa nchi jirani waliokuwa mjini walifunga mizigo wakaondoka, na Bunia ikabaki haina mwenyewe. Nani alianza, nani alilipiza, mimi sisemi. Kila nyumba ya Bunia ina wa kumlilia, na mimi sitaki kupima kilio cha mtu. Nitasema yangu tu. Denise alikuwa na mimba kubwa. Ile ya kabla yake ilitoka njiani, tukikimbia mapigano mengine, na tulimzika yule mtoto pembeni ya barabara bila hata sanduku. Mke wangu alikuwa ameniambia jambo moja, bila kulia: hii nyingine hatakimbia nayo kwa miguu. Basi nilikuwa na bato, na ng'ambo ya ziwa ilikuwa Uganda, na Uganda kulikuwa na hospitali. Hiyo ndiyo ilikuwa akili yangu yote.

Ndugu zake Katsuva walipita kibandani wakiwa na gari, wanakwenda Beni kwa njia ya Komanda. Walimwambia apande. Vita hiyo haikuwa yake, hakuna aliyekuwa anamtafuta. Aliwaambia watangulie, kuna kazi yake haijajaribiwa kwenye maji. Niliposikia nikadhani amepata homa ya kichwa. Nikamwambia abaki salama, jicho limefungwa, asante. "Fiacre, ile kitu sijaiona ikifanya kazi," alisema. "Siwezi kuachia mutu kitu sijaiona ikifanya kazi." Akapanda lori tulilopakia bato, ubao wake umekwisha kutengenezwa, akakaa chini ya turubai, na mkono ameshika ubavu wa bato ingawa maji yalikuwa bado mbali.

Njiani vizuizi vilikuwa vingi. Mama Bibiane alizungumza na kila kizuizi kwa lugha yake na kwa samaki wake, na tukashuka mlima mpaka ufukweni chini ya Kasenyi. Yo, watu! Magodoro, mbuzi, vyerehani, wazee kwenye baiskeli, wote wanangoja bato. Na mabato yalikuwa machache.

Shida yenyewe ilikuwa hii. Mbele ya ufuko ule kuna mchanga chini ya maji, na mvua za mwaka ule zilikuwa zimeuhamisha, hakuna aliyejua tena njia imepita wapi. Wakati wa amani tunaweka mtu mbele na fimbo ndefu, anachoma maji, tunakwenda mwendo wa konokono. Lakini kwenye matete upande mmoja walikuwa wamejificha watu wenye bunduki, na bato la mwendo wa konokono walilipiga. Bato la mwendo mkali halikuwahi kupigwa, ila liligonga mchanga. Asubuhi ile moja lilikuwa limegonga, likakwama mbele ya matete. Niliyoyaona hapo nimemwambia Denise peke yake, na yeye aliyaona pia. Kwa hiyo tulihitaji kwenda mbio, na kuona chini tukiwa mbio.

Tulijaribu kwanza upande wenye usalama, mimi na Katsuva peke yetu. Polepole, kioo kilitaja maji vizuri kabisa. Nikafungua moteri, na namba zikapotea, ikabaki mistari mitupu. Nikapunguza, zikarudi. Nikafungua, zikapotea. Mimi nilitukana yule mtu wa mradi, nikatukana sondeur, nikamtukana Katsuva na mlima aliotoka. Alilala kifudifudi nyuma ya bato, nusu ya mwili wake nje, akaniambia nishike mkanda wake na nikimbize moteri. Mtu anayeogopa daraja la mbuzi! Nilimshika, maji yakampiga uso mpaka akakohoa, naye macho hakuyafumba. Akarudi ndani. Kumbe alikuwa ameona uzi wa povu, mweupe, mwembamba, unatoka chini ya tumbo la bato na kuja moja kwa moja juu ya jicho.

Tulilivuta nchi kavu, tukaliinamisha, akafuata njia ya ule uzi kwa kidole. Ukafika kwenye bati. Siye wa ziwa hili, kila pale mbao mbili zinapokutana tunapiga pamba, halafu tunakata kopo la mafuta, tunalinyoosha, tunalipigilia misumari juu yake, na bato halivuji. Wazee wetu walifanya hivyo, na hakuna aliyewahi kuona ubaya wake, kwani samaki hawajali povu. Lakini ukingo wa bati na vichwa vya misumari vinachana maji bato likikimbia, na jicho letu lilikuwa limekaa nyuma yake hasa. Katsuva alisimama mbele ya watu wote akasema kosa ni lake: kule Bunia kiganja chake kilipita juu ya misumari ileile, akaisifu badala ya kuiuliza. Sijawahi kumsikia fundi mwingine akisema neno hilo mbele ya wateja, na mimi mwenyewe sijawahi kulisema.

Kusogeza jicho haikuwezekana. Bato letu nyuma ni jembamba: ukilisogeza ndani linaingia kwenye povu la elisi, ukilisogeza nje linaachwa hewani bato likilala kidogo. Ilibaki kung'oa bati lote la ungio lile, tangu katikati mpaka nyuma. Na bato lisilo na bati linavuja. Mama Bibiane alikuwa na ulimbo wa miti ya Mambasa, ule tunaoyeyusha kuzibia nyufa. Tuling'oa bati, tukaongeza pamba, tukamwaga ulimbo wa moto, Katsuva akausugua ukawa laini kama sahani. Ulimbo unataka kupumzika ndio ushike vizuri. Lakini milio ya bunduki ilikuwa inashuka kutoka upande wa barabara ya Bogoro, na watu walikuwa wameanza kuingia majini na watoto mabegani.

Nilimwambia ukweli: ungio lile halitafika ng'ambo. Alifikiri, akapuliza vidole vyake vilivyoungua. "Nitakaa juu yake," alisema.

Tulipakia wanawake na watoto, na wanawake wawili waliotoka kujifungua, na Denise wangu nyuma karibu nami. Bato lilijaa kupita haki yake. Niliwaambia wote, na mnajua sauti yangu, kwamba atakayesimama nitamtupa ziwani mimi mwenyewe, kwa maana bato lililojaa hivyo watu wakiegemea upande mmoja linageuka. Katsuva aliketi chini kabisa, upande wa kuume, kioo mbele yake, gunia limefunika miguu. Nikamcheka kwamba anaona baridi. Akasema ndiyo, anaona baridi.

Nikafungua moteri.

Namba hazikupotea. Alizisoma kwa Kifaransa, mita nne kushuka mpaka moja na nusu, moja baada ya nyingine, kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya kanisa. Quatre. Quatre. Trois. Deux. Kuume kidogo. Deux. Un et demi. Kushoto, kushoto, basi. Tulipofika usawa wa matete wakaanza kupiga. Maji yaliruka mbele yetu, mtoto akalia, mama mmoja akaanza kuinuka. Katsuva hakuongeza sauti hata kidogo. "Mukae. Njia iko," alisema, akaendelea, maji yakiongezeka: deux, deux et demi, trois. Yule mama akakaa. Mimi mwenyewe nilikaa sawasawa, mimi kapiteni. Tulipita mahali pale pembamba kwa mwendo wote wa moteri, mchanga kushoto na kuume, na sikugusa hata punje.

Baada ya hapo ziwa likawa refu. Namba zikawa kubwa, haikuwa lazima kuzisoma tena, lakini aliendelea kuzisoma, na niliona watu wanapenda azisome. Baadaye sauti yake ikaanza kukwaruza. Nilidhani ni ile hofu yake ya maji, nikajisemea moyoni, mtu wa mlimani, vumilia.

Ng'ambo tuliweka ubao, watu wakashuka mmoja mmoja. Denise alishuka, ameshika tumbo lake kwa mikono miwili, akakaa juu ya nchi akanitazama. Nikamgeukia Katsuva nikampigia kelele ashuke, ameganda nini? Akaniuliza kama wote wametoka. Nikasema wote. Ndipo alipoondoa gunia.

Ungio lilikuwa limefunguka. Sijui lini, yeye alisema ni wakati wa matete. Alikuwa amevua shati lake wakati sote tunatazama matete, akalisukuma chini ya gunia ndani ya ufa, na kisigino chake kimekaa juu ya shati, goti limekazwa dhidi ya benchi. Ziwa zima alilivuka hivyo. Ncha za misumari ya zamani zilizobaki upande wa ndani wa ubao zilikuwa zimemwingia kisiginoni, na maji yale kidogo aliyokaa ndani yake yalikuwa mekundu. Alipoinua mguu, maji yalipanda kama bomba limepasuka, na bato likaanza kukaa chini palepale ufukweni.

Nilikasirika. Nawaambia kweli, nilikasirika kuliko siku zote za maisha yangu, nikamshika mabega nikamtikisa. "Juu ya nini haukuniambia?"

"Ningekuambia, ungepunguza moteri," alisema. "Ungepunguza, watu wangesimama."

Nikamwachia. Nikalia pale mbele ya watu wa nchi nyingine, mtu mzima, kapiteni, nikalia kwa sauti. Nilimpenda mtu yule kuliko ndugu zangu wa tumbo moja, nikamwambia hivyo. Yeye alikuwa anasikiliza kitu kingine. Alikuwa amegeuza uso kule tulikotoka, kwenye ule mstari wa milima ambao chini yake walikuwa wamebaki wengine ufukweni. Kisha akatazama ndani ya bato, akapuliza vidole.

"Ulimbo ilibakia?" aliniuliza.

Ulikuwa umebakia. Safari hii tuliuacha ukauke kwa moto, akafunga mguu wake kwa kitenge cha Denise, akaniambia nimshike mkono aingie ndani, kwa sababu maji yalikuwa mengi pale na yeye anaogopa. Tukarudi. Tuliwavusha waliokuwepo, mpaka ufuko ukabaki na mbuzi na baiskeli.

Mtoto alizaliwa kule ng'ambo, mwezi uliofuata, analia kama babake. Sasa wanauliza wakubwa zake wako wapi. Mmoja yuko pembeni ya barabara, nimekwisha kusema. Wengine ni wale walioshuka kwenye lile bato kabla yeye hajazaliwa, kwenye ubao, mmoja mmoja, na miguu yao ilikuwa mikavu.